Ukoka Uliovuka Masale

Bibi jirani yetu alinishika mkono, akaniongoza hadi nyuma ya migomba yake, akainama na kuanza kuvuta kitu udongoni. Kilitoka polepole, kama uzi unaofumuliwa kwenye upindo wa kanga: cheupe, kigumu, kina vifundo kila baada ya upana wa vidole viwili. Alivuta mpaka kikakatika. Kipande kilichobaki mkononi mwake kilikuwa kirefu kuliko mkono wangu, na ncha yake ilikuwa imechongoka kama sindano ya kushonea magunia.

"Mwanangu," alisema, "huu ni wa kwenu."

Hakupaza sauti. Angepaza, ningejua la kujibu.

Ulikuwa wa kwetu kweli, na aliyeuleta ni mimi. Nyumbani ni Kibosho, upande wa kusini wa Kilimanjaro, na uwanja wa mbele ya nyumba yetu tangu nikiwa mtoto ulikuwa udongo mtupu. Ulifagiliwa kila alfajiri kwa ufagio wa vijiti, ukabaki na mistari ya ufagio mpaka kuku waje kuivuruga. Mwaka 2016 mdogo wangu wa kike alikuwa anafanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Arusha na nimepanga Njiro, mahali ambapo nyumba nyingi zina bustani ya kijani iliyokatwa vizuri, na kila nikirudi Kibosho niliona vumbi tu. Niliwafikiria wageni watakaotoka Dar es Salaam na viatu vyao. Nikampigia mama simu kumwambia kwamba naleta ukoka.

Mama hakukataa. Alisema neno moja tu: "Uwanja uliofagiliwa unamwona nyoka kabla hajafika mlangoni." Nililichukulia kama neno la mtu mzima asiyependa mabadiliko. Leo naliheshimu zaidi, maana uwanja uliofagiliwa unaona mengi zaidi ya nyoka. Kila kinachoota pale kinaonekana siku ileile na kinang'olewa siku ileile.

Nilinunua viroba kumi na viwili kwa muuza miche kando ya barabara. Masika yalikuwa yameshaanza. Vijana wawili waliukatakata kwa panga vipande vya urefu wa kidole, wakavifukia kwa mistari, vikamwagiliwa kwa maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, siku ambazo mvua haikunyesha. Kufikia Juni uwanja ulikuwa zulia. Sendofu ilipendeza mno, na picha zile bado zipo ukutani sebuleni. Dada amesimama na vitenge vyake juu ya kijani kisichokuwa na doa, na nyuma yake, ukiangalia vizuri, unaona mstari wa masale, mimea ya majani marefu inayopandwa mpakani, unaotutenganisha na bibi jirani.

Lile jambo la kukatakata kwa panga nimelifikiria sana. Hakuna aliyetufundisha, ndivyo ukoka unavyopandwa kila mahali, na unapandwa hivyo kwa sababu kila kifundo kina jicho, na kila jicho likipata udongo wenye unyevu kidogo linatoa mizizi chini na majani juu. Kiroba kimoja kinatoa vipande mamia, na mamia hayo yote ni mimea inayosubiri. Yaani njia ya kuupanda na njia ya kuusambaza bila kutaka ni moja. Ukiulima kwa jembe la kawaida ukidhani unauangamiza, umefanya kazi ileile ya vijana wangu wawili na panga zao.

Hapa niseme kidogo kuhusu jina, kwa sababu jina limetuponza wengi. Mjini tunaita ukoka karibu kila nyasi ya bustani: ile ya majani mapana wanayoiita pasipalamu, ile laini ya kukanyagia, hata kikuyu. Ukoka wenyewe, ule ambao wataalamu wanauita Cynodon dactylon, una majani membamba, na ukiachwa bila kukatwa unatoa shuke lililogawanyika kama vidole vya mkono, vitatu hadi sita hivi. Ndio unaotandazwa kwenye viwanja vya mpira vya nchi za joto, kwa kuwa unavumilia jua, njumu na kukatwa mfululizo. Na ni huohuo ambao wataalamu wa magugu, walipoorodhesha magugu mabaya kuliko yote duniani mwaka 1977, waliuweka nafasi ya pili. Ndago ilishika ya kwanza.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilirudi kulisoma tena. Mmea mmoja unauzwa kwa kiroba upande huu wa barabara, na upande wa pili mkulima analipa vibarua wamng'olee. Ukiwaza kidogo unaona si ajabu. Muuza miche anatafuta nyasi inayotambaa haraka, inayofunga udongo bila kuacha upenyo, inayokanyagwa isife, inayokatwa ikarudi, inayokaa kiangazi bila maji na kuchipua mvua ya kwanza. Mwite mkulima wa mahindi au kahawa umwombe akutajie sifa za gugu asilotaka kuliona shambani kwake, atakutajia hizohizo moja baada ya nyingine.

Sasa, ulivukaje? Masale yetu yamepandwa kwa kubanana, na babu aliyapanda kabla mama hajaolewa. Kwa Wachaga sale ni mpaka na ni zaidi ya mpaka: mtu aliyekosa akija na sale mkononi kuomba radhi, kumkataa ni jambo zito. Lakini sale ni mpaka kwa watu. Ukoka una mashina ya aina mbili. Moja linatambaa juu ya ardhi, hilo unaliona na unaweza kulikata kwa panga. La pili, lile jeupe, linapita chini, kwa kawaida ndani ya futi moja ya udongo wa juu, na lilipita katikati ya mizizi ya masale kama mtu anayepita sokoni.

Hiyo ni njia moja tu, na kwa umbali ndiyo fupi. Nilipoanza kufuatilia nilikuta ukoka sehemu ambazo shina lisingefika kwa miaka ile. Nilikuta vishungi kando ya mfongo, hatua mia na zaidi kutoka kwetu. Mfongo wetu, kama mifongo mingi iliyochimbwa na wazee kuteremsha maji ya mlima hadi vihambani, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, unapita kando ya uwanja wetu, kisha kwa bibi, kisha unashuka kwenye kaya nyingine. Kila nilipokuwa nakata uwanja, vipande vilivyokatika vilisombwa na mvua hadi kwenye mfongo, na siku ya zamu ya maji bibi akifungulia maji yaingie migombani kwake alikuwa anapokea na vipande vyangu. Vikifika vinakuta udongo uliolowa. Hakuna kitalu kizuri kuliko hicho.

Njia ya tatu ilikuwa ng'ombe, na hii iliniumiza zaidi kwa kuwa niliona ninafanya jema. Majani niliyokata uwanjani nilimpelekea bibi kwa ajili ya ng'ombe wake wa ndani. Ukoka ni chakula kizuri cha ng'ombe, hilo halina ubishi. Lakini sehemu ya majani ilikuwa imeshatoa mashuke, na mbegu za nyasi za namna hii nyingine zinapita tumboni mwa ng'ombe zikatoka nzima. Yaliyobaki horini yalichanganywa na samadi, samadi ikapelekwa kwenye mashina ya migomba. Nilimtumia gugu langu likiwa limeshapakiwa na mbolea yake.

Ukweli mmoja unapaswa kusemwa kwa haki, maana umenifundisha kuliko mengine. Upande wetu wa ndani, kwenye migomba mikubwa ya mama, ukoka haukuingia. Ulifika ukingoni mwa kivuli ukadhoofika, ukawa nyuzi nyembamba zilizopauka, ukasimama. Ukoka unavumilia karibu kila kitu isipokuwa kivuli. Kihamba kilichokamilika, kina mti mrefu wa mruka juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba na magimbi chini ya vyote, hakiachi jua la kutosha kufika ardhini. Lakini bibi alikuwa amekata mruka wake mmoja kupata mbao za kuezekea na kung'oa mistari miwili ya kahawa kuukuu, akisubiri apate miche mipya. Pale jua lilipoanza kuingia ndipo ukoka ulipokaa. Sisemi hili kumhamishia kosa. Nalisema kwa sababu ninaona vihamba vingi siku hizi vikifunguka namna hiyo, mti mmoja baada ya mwingine, na tunahesabu kivuli kilichopotea kwa kahawa tu, hatukihesabu kama ukuta.

Na kahawa yenyewe haitaki jirani wa aina hii. Mizizi midogo inayoulisha mkahawa iko juu juu kwenye udongo, palepale ambapo mashina meupe ya nyasi hupita. Wazee wanamjua adui wa namna hii tangu zamani kwa jina la sangari, ambaye ni nyasi tofauti na ukoka ila tabia ni za ndugu: anatambaa chini, anakunywa maji na kula mbolea kabla ya mkahawa, mche unabaki na majani ya njano hata ukiupa samadi. Bibi alipouona ukoka alidhani ni sangari amerudi. Ni mama aliyemwonyesha tofauti, na ni mama aliyemwambia umetoka wapi. Sikumlaumu mama. Alisema kweli.

Nikiwa nasoma habari hizi usiku nilikutana na kisa cha kikuyu, nyasi ambayo kwetu inaota yenyewe kwenye kingo za barabara na mifongo ya juu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na jina imepewa la Wakikuyu wa Kenya. Ukiamka mapema ukaikuta imekatwa au kuliwa fupi, unaona juu yake utando wa nyuzi nyeupe kama buibui amefuma usiku. Hizo ni nyuzi za maua. Ua lenyewe limejificha ndani ya ala ya jani, chini kabisa ambako mashine ya kukatia haifiki, na kukatwa fupi ndiko kunakoichochea kutoa maua. Mbegu inakomaa ndani ya maficho hayohayo.

Nyasi hiyo ilianza kusafirishwa mwanzoni mwa karne ya 20, ikapelekwa Afrika Kusini, Australia, Hawaii na kwingineko kwa ajili ya malisho na kuzuia mmomonyoko. California iliingizwa karibu na mwaka 1918, na kazi iliyopelekewa ni kushika udongo kwenye kingo za mifereji ya maji. Niliposoma maneno hayo, kingo za mifereji, nilisimama nikatoka nje kuutazama mfongo wetu gizani. Ilishika udongo kama ilivyoombwa, kisha ikashuka na maji. Leo serikali ya Marekani imeiweka kwenye orodha ya magugu yanayodhibitiwa kwa sheria ya taifa zima, na wakati huohuo kusini mwa California iko kwenye viwanja vya gofu. Mashindano makubwa ya gofu ya Marekani ya mwaka 2021, pale Torrey Pines, San Diego, yalichezwa kwenye uwanja wenye nyasi hiyo ya asili ya milima yetu.

Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba magugu ya kigeni ni vitu vinavyokuja kwetu. Tunavyo, na vinatuumiza: gugu karoti lililoenea Arusha na maeneo ya jirani asili yake ni Amerika ya kitropiki, na mche mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000 na kuwawasha watu ngozi. Kikuyu ilinionyesha upande wa pili. Huku nyumbani inakutana na ng'ombe, mbuzi, kwato, kivuli na mimea mingine iliyoizoea, inabanwa. Ikitolewa ikawekwa mahali isipojulikana, ikamwagiliwa na kuwekewa mbolea, inakuwa kitu kingine. Hata ukoka wangu, ambao ni mmea wa Afrika, ulikuwa mgeni kwenye kihamba cha bibi. Umbali uliosafiri ulikuwa mstari mmoja wa masale.

Mpwa wangu ni mpagazi, anapanda mlima miezi mingi ya mwaka. Nilipomweleza haya akaniambia, "Mjomba, hata kule juu zipo." Kuna nyasi ndogo ya Ulaya, Poa annua, inayoota hata kwenye bustani fupi kabisa za gofu kwa kuwa inaweza kutoa mbegu ikiwa na urefu wa kucha. Imesambaa Kilimanjaro kando ya njia za wapandaji na kuzunguka vibanda vya kulala. Haikupandwa na mtu. Ilipanda kwenye soli za viatu, kwenye tope lililokauka, mahema yaliyokunjwa yakiwa na maji. Tangu siku hiyo mpwa wangu anapiga viatu vyake kwa brashi kabla ya safari, akiwa nyumbani bado, na naye ameanza kuwaomba wageni wake wafanye hivyo. Wengine wanamwona msumbufu. Mimi namwona sahihi.

Turudi kwa bibi. Siku ile aliponionyesha, nilirudi nyumbani na mama akanikatia sale. Nikaenda nalo jioni, nikasema, "Shikamoo bibi, nimekuja kuomba radhi," nikamweleza nilivyoupanda na nilivyompelekea majani. Alilipokea, akalishika muda mrefu. Halafu akauliza swali moja: "Utauondoa?" Nikasema nitauondoa. Nilikuwa sijui bado nimeahidi nini.

Wazo langu la kwanza lilikuwa dawa ya magugu, ile inayoingia kwenye majani ikashuka hadi mashina ya chini. Inafanya kazi, hasa majani yakiwa mabichi na yanakua, ingawa kwa ukoka kupiga mara moja hakutoshi. Bibi alikataa, na nikimsikiliza nikaona ana haki. Dawa ya aina hiyo haichagui. Ikigusa jani la kichipukizi cha mgomba au la mche mdogo wa kahawa, inashuka vilevile. Magimbi yake yapo katikati ya ukoka. Kuna watu wanaoweza kuipaka kwa sifongo jani kwa jani, na kwenye shamba wazi ningeifikiria. Ndani ya kihamba cha mtu wa umri ule, kinacholisha nyumba nzima, sikuwa tayari kuhatarisha hata shina moja.

Kwa hiyo tuling'oa. Tulisubiri Januari, jua la kiangazi likiwa kali na udongo umekauka, kwa sababu mashina yale yakitolewa juu yakaanikwa siku kadhaa bila mvua yanakufa kwa ukavu. Ukiyatoa wakati wa mvua yanaota hapo ulipoyatupa. Tuliacha jembe la kawaida, tukatumia jembe uma, lile la meno, linaloinua udongo bila kukata. Unatia meno, unaegemea mpini, udongo unapasuka, unapiga magoti na kufuata uzi kwa vidole mpaka mwisho wake. Ukikatika, unatafuta nusu ya pili. Eneo dogo kama chumba na sebule lilituchukua siku tisa, watu watatu. Tulivianika vipande juu ya mabati mapya ya bibi, mpaka vikawa kama vijiti vya kiberiti, tukavichoma. Havikwenda kwenye samadi.

Uwanjani kwetu niliung'oa wote pia. Mama hakusema kitu, ila asubuhi iliyofuata alitoa ufagio. Kwenye mstari wa masale nilichimba mtaro wa kina cha futi moja na nusu nikaweka mabati chakavu wima, nikafukia. Mahali palipokuwa pamefunguliwa na jua tulipanda migomba mitano ya haraka, na bibi alipata miche ya kahawa aina zinazozalishwa na kituo cha utafiti cha Lyamungu, akaipanda kwa nafasi ya karibu zaidi ya ile ya zamani. Matandazo tuliweka ya majani ya mgomba makavu, hatukuweka nyasi.

Masika iliyofuata ukoka ulichipua sehemu thelathini na moja. Nilizihesabu kwa kuchomeka vijiti. Mwaka wa pili sehemu tisa. Mwaka jana nilikuta mbili, zote karibu na mtaro, na mgomba umeshafunga kivuli juu ya pale palipokuwa pabaya kuliko pote.

Wauza ukoka ningependa wafanye jambo moja tu, ambalo haliwagharimu kitu: wamwambie mnunuzi anachonunua ni aina gani na wamuulize anakwenda kukipanda wapi. Bustani ya mjini iliyozungukwa na saruji ni jambo moja. Kihamba chenye mfongo unaopita juu yake ni jambo jingine, na mimi kama ningeulizwa swali hilo moja siku ile, nadhani ningejibu kwa kusita.

Vuli iliyopita nilifuata mfongo kushuka chini, kupita kwa bibi, kupita kaya ya pili. Kaya ya tatu, pale maji yanapopinda na kutuama kidogo, niliona majani membamba ninayoyajua. Nikainama nikavuta. Uzi ulitoka mweupe, nikaufuata kwa macho mpaka chini ya uzio wa watu nisiowafahamu vizuri. Nilirudi nyumbani kuchukua jembe uma na kiroba kitupu, nikakata sale, nikashuka tena hadi mlangoni kwao nikapiga hodi.